Injini Nyingine katika Motokaa ya Baba

Mwezi wa kumi wa mwaka 1991, waporaji walipopita katika mitaa ya Lubumbashi wakibeba magodoro, friji na mabati, baba yetu hakukimbilia vyombo vya nyumbani. Alichukua matofali yaliyobaki alipojenga jiko, akauziba mlango wa kibanda chake cha nyuma tangu chini hata juu, akapiga lipu ya udongo, kisha akaegemeza magunia ya makaa mbele yake. Kazi hiyo aliimaliza kwa usiku mmoja, sisi tukimshikia taa. Ndani ya kibanda ilikuwamo motokaa ndogo ya michezo, yenye viti viwili tu, ambayo wakati huo ilikuwa haijatembea kwa muda wa miaka mitatu. Waporaji waliingia uani, wakachukua baiskeli na kuku, wakaenda zao. Ukuta hawakuutambua.

Sisi ni ndugu watatu, wana wa baba mmoja na mama mmoja, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Habari hii ni yetu sote, kwa hiyo tumeona vema kuiandika kwa kinywa kimoja, ijapokuwa, kama msomaji atakavyoona, hatukuwa na moyo mmoja siku zote.

Motokaa yenyewe ni MG, ya namna iitwayo MGA, iliyotengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, nchini Uingereza. Namna hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1955 ikakoma mwaka 1962. Zilitoka zaidi ya 100,000, na sehemu kubwa kabisa zikapelekwa nchi za nje. Yetu ni ya mwaka 1957. Ilifika Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa zamani zile, ikiwa mali ya Mbelgiji mmoja mhasibu, ambaye baba alikuwa karani wake. Bwana huyo aliporudi kwao mwaka 1964, alimwuzia baba kwa bei ndogo, akampa hati yenye sahihi na muhuri. Baba aliitunza hati hiyo katika bahasha moja na cheti chake cha ubatizo. Mwaka 1966, mji ulipopewa jina la Lubumbashi, baba na mama walifunga ndoa, na mama alitoka kanisani ndani ya motokaa ile, shela yake ikipeperuka nyuma. Hadithi hii tumeisikia mara nyingi mno, na kila mara shela huzidi kuwa ndefu.

Mwaka 1988, katika njia ya Likasi, mpira mmoja wa maji ulipasuka. Baba alidhani atafika kabla ya injini kupata moto. Hakufika. Pistoni moja ilikwama, fimbo yake ikavunjika, ikatoboa ubavu wa injini, ikaacha tundu la kupitisha ngumi. Lori lilimvuta hata nyumbani. Siku mbili hakusema neno. Alifariki mwaka 2009, Mungu amrehemu, pasipo kuubomoa ukuta wake. Nasi hatukuthubutu kuugusa mpaka mwaka 2018, baada ya Pasaka, kwa sababu mvua zilikuwa zimekwisha kuinamisha paa la kibanda, na ilitupasa ama kuitoa motokaa ama kuizika.

Mchwa walikuwa wamekula sakafu yote. Wengine watastaajabu kusikia motokaa yenye sakafu ya mbao, lakini ndivyo ilivyo MGA: mwili wake wa chuma umekalia fremu ya chuma kinene, bali mahali pa miguu pamefunikwa kwa plaiwudi iliyokazwa kwa skrubu. Panya walizaliana katika viti. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya kabureta. Chini ya milango kutu ilikuwa imekula hata kidole kikapita. Walakini milango, boneti na kifuniko cha nyuma vilikuwa vizima, maana ngozi yake ni alumini. Na fremu, pale chini ya injini na giaboksi, haikuwa na kutu hata chembe. Sababu yake ilituchekesha: injini ile ilivuja mafuta siku zote za maisha yake, na mafuta yayo hayo, yaliyomchosha mama kwa kufua nguo za baba, ndiyo yaliyoilinda fremu kwa miaka yote ya giza. Kwenye dashibodi medali ya Mtakatifu Kristofa ilikuwa imegeuka kijani.

Habari huenda upesi. Wiki ya pili alikuja mgeni mmoja mzungu aliyefanya kazi katika mambo ya migodi. Aliizunguka motokaa mara tatu, akapiga magoti, akasoma bamba dogo lenye namba lililokazwa kwenye injini, akasema atatoa dola 4,000. Aliitaka vivyo hivyo ilivyo, pamoja na injini iliyotoboka. Tulidhani anatania. Akatueleza kwamba kwao wakusanyao magari ya kale hulinganisha namba ya injini na ile ya fremu. Zikipatana na maandiko ya kiwanda, bei hupanda, hata kama injini ni chuma kitupu. Akatuachia mwezi mmoja wa kufikiri.

Mwezi ule haukuwa mwema. Kaka yetu mkubwa alikuwa na binti aliyefaulu mtihani wa taifa, akitazamia kuingia Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na fedha hazikuwapo. Alisema, na hakukosea, kwamba motokaa isiyotembea ni kaburi la chuma, na kwamba baba mwenyewe, aliyetulipia shule kwa kuacha kuvuta tumbaku, angaliuza. Wawili wengine wakasema angaliweza kuiuza mwenyewe tangu zamani, naye hakuuza. Maneno yakawa makali. Hata tulimwendea mama, tukitumaini ataamua. Mama alitusikiliza huku akichambua mboga, akasema: “Wanangu, gari si langu, mimi nilipanda tu. Lakini baba yenu hakujenga ukuta usiku ili lichukuliwe na mtu asiyejua ukuta ulijengwa kwa nini. Mkiuza, uzeni. Nami nataka kwanza nilisikie tena langoni, mara moja.”

Basi tulimjibu mgeni kwamba hatuuzi. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima, akikaanga maandazi pamoja na mama yake, na baba yake hakukanyaga kibandani muda wa miezi mitano. Hatuwezi kuandika hapa kwamba tulifanya vema. Tulichagua, na aliyelipa sehemu kubwa ya gharama si aliyechagua.

Kwanza tuliwaza kuifufua injini ya kale. Ubavu uliotoboka hufungwa mara nyingine kwa kibandiko cha chuma, lakini chetu kilikuwa kimepasuka mpaka ndani, mahali krenki inapokalia, na hapo hakuna fundi mwenye dhamiri atakayekuhakikishia kitu. Kuleta nyingine kutoka Uingereza kungalizidi fedha zetu zote. Ikabaki njia ya tatu, yaani kuweka injini ya motokaa nyingine.

Jambo hilo si geni, wala si la maskini tu. Mwaka 1962 Carroll Shelby, Mmarekani aliyekuwa mshindani mkubwa wa mbio, alichukua motokaa nyepesi ya Kiingereza iitwayo AC Ace, akaitia injini ya Ford yenye silinda nane. Ikawa ndiyo Cobra inayosifiwa hata leo. Wenye MG nao, mwaka 1973, waliweka katika MGB yao injini ya Rover ya lita 3.5, silinda nane vilevile, ambayo kwa kuwa ni ya alumini haikuizidi sana kwa uzito ile ya chuma ya silinda nne. Watu hao walitafuta mbio. Sisi tulitafuta injini ambayo maji yake yangekaa mbali na mafuta yake, basi.

Tulimwendea mzee mmoja, aliyekereza vyuma katika karakana za kampuni ya shaba tangu ujana wake hata alipostaafu, na ambaye bado ana mashini ndogo ya kukereza nyuma ya nyumba yake. Aliitazama motokaa, akainama chini yake, akakaa huko kitambo kirefu hata tukaogopa. Alipotoka akasema: “Nitawasaidia kwa sharti moja. Kila mtakachotia, kikazwe kwa bolti. Fremu isikatwe, mwili usitobolewe. Siku mjukuu wenu atakapopata injini ya namna yake, aifungue hii kwa spana, wala asilie.” Sharti hilo, jepesi kwa kusikia, ndilo lililotugharimu miaka mitatu.

Injini tuliyoichagua ni Toyota, ile iitwayo 5K, ya gari dogo la kubebea mizigo. Injini za namna hiyo, zilizokwisha kutumika, huletwa kwa meli hata Dar es Salaam, zikapita Zambia, zikaingia kwetu kwa Kasumbalesa. Tuliipenda kwanza kwa kuwa vipuri vyake hupatikana. Kisha mzee alichukua kipimo chake, akapima, akaandika kwa chaki ukutani, na hapo tukaona jambo la ajabu. Silinda za MG zina upana wa milimita 73, na pistoni husafiri milimita 89 hivi. Jumla ya ujazo ni sentimita za ujazo 1489. Silinda za Toyota zina upana wa milimita 80.5, na pistoni husafiri milimita 73, jumla 1486. Tofauti ni tatu tu! Moja ni nyembamba na ndefu, nyingine ni nene na fupi, na nguvu zao hazipitani sana, farasi sabini hivi kila moja. Giaboksi tuliitoa katika Corolla ya kale iliyokufa kwa ajali. Ina gia tano, ambapo ile ya MG ilikuwa na nne.

Boneti tuliifungua, tukaiweka juu ya kitanda cha mama, mahali pekee nyumbani ambapo watoto hawapandi. Injini ya kale tuliining'iniza kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe. Baba alikuwa ametuachia sanduku la spana za inchi, kila moja imefungwa kitambaa, maana MG haifunguki vema kwa nyingine. Spana ya milimita 11 huiiga vizuri ile ya inchi 7/16. Bali ya milimita 13 juu ya bolti ya nusu inchi huteleza, na mmoja wetu, kwa uvivu wa kuinuka kufuata sanduku, alizila pembe za bolti moja ya fremu hata ikatuchukua siku mbili kuitoa. Tangu siku ile masanduku yalikuwa mawili, moja la Mwingereza na moja la Mjapani, wala hayakukaa meza moja.

Vishikio vya injini vilikuwa kazi nyepesi. Mzee alikata vibao vya chuma, akavitoboa, vikakaa juu ya vishikio vya kale kwa bolti nne. Kiwiko cha gia kilitokea mbele mno, karibu na dashibodi. Tulikikunja kirudi nyuma, na mpaka leo kina umbo la shingo ya korongo. Shida yenyewe ilikuwa boneti.

Kabureta ya Toyota husimama wima juu ya injini, kama chungu juu ya mafiga. MGA ni motokaa fupi, uso wake umeinama. Tulipoirudisha boneti, ilibaki wazi kwa vidole vinne. Vijana wa garaji jirani walikuja wakacheka, wakasema: “Toboeni. Hata huko Ulaya hutoboa, wakaweka pua juu yake, ikapendeza.” Ilikuwa jioni. Tulichoka, na fedha zilikuwa zimepungua. Mmoja wetu alichora mduara wa chaki juu ya alumini ile ambayo kutu wala mchwa havikuiweza, tukaazima mkasi wa bati kwa ajili ya kesho yake. Usiku dada yetu aliamka, akachukua kitambaa chenye maji, akaufuta mduara. Asubuhi hakusema kitu, nasi hatukuuliza.

Tulirudi kwa mzee. Akauliza: “Na kabureta za baba yenu ziko wapi?” Zilikuwa katika ndoo, bado zina udongo wa nyigu. Kabureta hizo, zijulikanazo kwa herufi SU, hazisimami bali hulala. Hewa huingia kwa ubavu. Ndani yake mna pistoni ndogo ipandayo na kushuka kwa kadiri injini inavyovuta, nayo imebeba sindano nyembamba iliyochongoka, iliyozama katika tundu la petroli. Pistoni ikipanda, sindano hupanda nayo, na kwa kuwa imechongoka, petroli nyingi zaidi hupita. Ni chombo chepesi kwa kukieleza na cha fahari kwa kukitazama. Mzee alitengeneza bomba la kuziunganisha na Toyota: sahani ya chuma iliyosawazishwa kwa mashini, na vipande vya bomba vilivyolehemiwa juu yake. Akaifanya kazi hiyo mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza moto wa kulehemu uliipinda sahani. Hivi injini ya Toyota ikavuta pumzi kwa koo la MG, na boneti ikafungika pasipo kutobolewa.

Shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma ilipasa kuwa nusu ya Corolla na nusu ya MG. Tuliipeleka kwa mtu mwingine aliyekuwa karibu, kwa haraka. Ilipofungwa, motokaa ilitetemeka kwa kilometa 50 kwa saa hata medali ya Mtakatifu Kristofa ikaanguka. Mzee aliitazama mara moja tu. Shafti ina uma wa chuma katika kila mwisho. Uma hizo mbili zapaswa kuelekea upande mmoja, maana kila kiungo huongeza na kupunguza mwendo kidogo katika kila mzunguko, na kiungo cha pili husahihisha kosa la kwanza. Zetu zilikuwa zimepotoka kwa kadiri ya robo ya mzunguko, kwa hiyo badala ya kosa moja kusahihisha jingine, yalijumlika. Ilikatwa tena, ikalehemiwa tena.

Halafu betri. Katika MG za zamani, upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye mwili wa motokaa. Katika Toyota ni upande hasi. Mdogo wetu, ambaye alipokuwa mtoto alimsaidia baba kuziweka zile betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, alifunga betri mpya kama alivyofundishwa: chanya kwenye mwili. Moshi ulitoka katika alteneta kabla hatujagusa ufunguo. Tulingoja wiki tatu kupata nyingine. Hatukumgombeza. Alikuwa amemtii baba.

Katika kutafuta alteneta hiyo tulikutana na muuzaji mmoja wa vipuri aliyetupa shauri. Alijua habari ya mgeni na dola zake. “Bamba la namba,” alisema, “halikuchongwa katika chuma, limekazwa tu juu ya injini ya kale. Litoeni, mlikaze kwenye hii. Karatasi zenu zitabaki zilezile, ofisini hamtasumbuliwa, na akija mzungu mwingine asiyejua sana, mtauza.” Hatutasema kwamba tulimkataa papo hapo. Tulirudi nyumbani tukalizungumza, na mmoja wetu alikuwa tayari. Ni kaka yetu mkubwa, ambaye hakupenda kazi yote tangu mwanzo, na ambaye tulimdhania kuwa atafurahi, aliyesimama akasema: “Mlinikatalia kuuza kitu cha kweli. Sasa mtauza kitu cha uongo?” Akatoka. Siku iliyofuata alikuja kibandani asubuhi, mara ya kwanza, akavaa ovaroli ya baba.

Namba ya kweli tukaipeleka ofisini. Tulirudishwa mara nne, kila mara kwa karatasi nyingine, na ada hatukuitazamia. Lakini imeandikwa. Bamba la kale lingali pale pale lilipowekwa Abingdon, juu ya injini yenye tundu, nayo imekaa juu ya magogo mawili pembeni mwa kibanda, imepakwa grisi na kufunikwa turubai. Kuku huipenda.

Mwaka 2020, korona ilipotufungia nyumbani na makanisa yakafungwa, tulipata siku nyingi za kupiga msasa na kupaka rangi. Tulikata sakafu mpya ya plaiwudi, tukaipaka mafuta machafu ya injini kwa ajili ya mchwa, kama bibi zetu walivyopaka nguzo. Viti vilishonwa na fundi wa masofa. Hayo yote yalikwenda kwa amani.

Injini iliwaka mwezi wa sita wa mwaka 2021, alasiri. Ilitoa moshi mweusi mzito, na plagi zikawa na masizi kama sufuria, petroli ilizidi. Tulizipandisha jeti za kabureta kidogo kidogo, robo ya mzunguko kila mara, mpaka sauti ikatulia. Ndipo mdogo wetu akaiendesha mpaka barabarani, akageuza, akasimama langoni, akapiga honi kama baba alivyofanya, mara mbili fupi.

Mama alikuwa amekaa kibarazani, amefumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Akasema: “Sauti si yake.”

Hatukuwa na la kujibu. Mzee fundi, ambaye alikuwapo, alimweleza kwa adabu, akitumia vikombe viwili vya chai, kimoja chembamba na kimoja kinene, kwamba injini zote mbili zachukua karibu kadiri ileile, bali moja huvuta kwa mwendo mrefu na nyingine kwa mwendo mfupi, ndiyo maana haziwezi kunena sawa. Mama alifungua macho, akavitazama vikombe. “Yaani tumbo ni lile,” akasema, “ila kinywa ni kingine.” Kisha akauliza kama viti vimekwisha kukauka gundi.

Tarehe 25 ya mwezi wa saba mwaka ule, siku ambayo wenye magari humkumbuka Mtakatifu Kristofa, ilikuwa Jumapili. Aliyemchukua mama kwenda Misa ni yule binti wa kaka yetu, ambaye sasa anasoma sheria, na ambaye kati yetu sote ndiye anayebadilisha gia vizuri zaidi na kile kiwiko cha korongo. Hajawahi kutuambia neno juu ya mwaka ule wa maandazi. Nasi hatujawahi kumwomba radhi kama ilivyopasa, tumempa ufunguo.

MGA haina kitasa cha nje. Mtu huingiza mkono ndani, akavuta kamba iliyo katika mfuko wa mlango. Mama aliivuta pasipo kutazama. Mjukuu wake mdogo, aliyesimama kando akingoja kubebwa katikati ya viti, jambo ambalo halikuruhusiwa, aliinama juu ya dashibodi. Hapo zimo saa mbili kubwa. Moja huonyesha mwendo, nayo tangu tulipobadilisha giaboksi husema uongo kidogo. Nyingine huhesabu mizunguko ya injini. Katika motokaa hii ilizungushwa na dinamo ya kale, na alteneta ya Toyota haina mahali pa kuifunga. Injini ilikuwa ikinguruma, na mshale wake ulikuwa umelala kwenye sifuri.

“Nkambo,” mtoto akauliza, “mbona huu hauamki?”

“Huo ni wa ile injini nyingine,” mama akajibu. “Inuka hapo, tutachelewa Misa.”